Anwani Iliyogongwa Kwenye Plau

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ofisi, nikabeba kiti changu, maana kiti kile nilikinunua mwenyewe, nikaenda zangu nyumbani. Ninyi wenzangu mnaoendelea kutengeneza tovuti hapa Bariadi mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Sitaandika nilipandaje cheo. Ofisi yetu ilikuwa na watu watatu na sote tulishika ufagio kwa zamu, sasa cheo kingetoka wapi? Nitaandika yale ambayo ningependa kuambiwa mapema, pamoja na kesi moja ambayo kosa lilikuwa langu. Hiyo msiiruke. Nawajua, mtu akitaja makosa yake mnasema mzee anajifanya mnyenyekevu.

Kabla ya kompyuta nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ndiyo sababu mji mzima unaniita Karani mpaka leo. Kiwanda kilipopunguza watu nilifungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na stendi. Ndipo Bariadi ikafanywa makao makuu ya mkoa. Wakaja maofisa, wakaja wageni, na wenye biashara wakaanza kuulizwa kama wana tovuti. Wengi walijibu ndiyo, halafu wakaja kibandani kwangu kuniuliza tovuti ni nini. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui vizuri. Nikawaambia warudi baada ya wiki mbili.

Wiki hizo mbili nilikuwa Mwanza kwa fundi mmoja aitwaye Deusi, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Nilitegemea anikalishe mbele ya kompyuta. Akanipa daftari na kalamu, akanipeleka kwenye duka la vipuri la mteja wake, akaniambia nikae pembeni ya simu ya dukani siku nzima, niandike kila swali wanalouliza wanaopiga. Nikaona huyu jamaa ananifanya mtumwa. Jioni nikamrudishia daftari. Maswali yalikuwa arobaini na kitu, ila ukiyachambua yalikuwa manne tu: mko wapi, mnafungua saa ngapi, kitu fulani kipo, na mnaweza kunitumia huku niliko.

"Huo ndio ukurasa wa kwanza," Deusi akasema. "Mengine yote ni mapambo."

Nimetengeneza tovuti nyingi tangu hapo na sijapata somo linalolizidi hilo. Mwenye biashara atataka uanze na historia yake, tangu babu yake alipohamia hapa na ng'ombe wangapi. Mwandikie, ni haki yake, ila iweke ukurasa wa ndani. Anayetafuta kipuri hana haja na babu.

Mteja wangu wa kwanza Bariadi alikuwa mwenye gesti. Alikuja na simu yake, akanionyesha picha ya hoteli yenye bwawa la kuogelea na miavuli.

"Weka hii mbele."

"Mzee, hii ni ya kwako?"

"Si ya kwangu, nimeitoa mtandaoni. Ila si ni nzuri?"

"Sasa mgeni akija amebeba na nguo ya kuogelea?"

"Atakuwa ameshafika," akasema, na uso wake haukucheka hata kidogo.

Tulibishana asubuhi nzima. Mwisho tukatandika kitanda kimoja vizuri, tukafuta kioo, tukapiga picha saa mbili asubuhi jua likiwa bado la upole, pamoja na bafu lake lenye ndoo ya bluu. Wiki chache baadaye mgeni kutoka Shinyanga alifika, akaikuta ndoo ya bluu, akamwambia mwenye gesti kwamba hiyo ndiyo nyumba ya kwanza aliyoikuta na kitu alichokiona kwenye picha. Yule bwana alinipigia simu kunihadithia kana kwamba wazo lilikuwa lake. Nikamwacha.

Kuhusu uzito wa picha, mnajua kipimo changu. Mtu anatengeneza tovuti mjini, mtandao unakimbia, anafurahi. Wateja wa mteja wake wako Sola, wako Ipililo, wamesimama juu ya kichuguu wakitafuta mtandao kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa hiyo kila tovuti niliyoimaliza niliipeleka Ipililo kwa pikipiki kabla ya kuikabidhi. Nilikuwa na simu ya bei ya chini kabisa kwa kazi hiyo. Nafika, nanunua hindi la kuchoma, nafungua tovuti na kuanza kutafuna. Hindi likiisha kabla ukurasa haujafunguka, narudi kupunguza picha. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kwa uchungu kabisa kwa nini nimezikondesha picha zake. Nikampakia kwenye pikipiki twende wote. Alikula mahindi mawili akisubiri picha ya lori lake, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena.

Ramani nayo ina mambo yake. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga nilimwekea alama ya ramani nikiwa nimekaa ofisini, nikikadiria kwa macho. Alama ikaangukia kwenye zizi la ng'ombe la mzee mmoja, karibu kilomita moja kutoka mashineni. Wanunuzi wa mchele wakawa wanafika kwa mzee. Naye ni Msukuma wa kale, mgeni hapitishwi hivihivi: salamu ya mwangaluka, kiti, maziwa, habari za mvua huko mtokako, na ndipo baada ya nusu saa anawaelekeza. Nilipogundua nikaenda kumwomba radhi. Alikasirika niliposema nimeshairekebisha. Akaniuliza, "Sasa nitaongea na nani?" Simameni mlangoni kwa mteja na simu mkononi ndipo muweke alama, kisha mtumeni mtu asiyepajua aifuate. Msikadirie mkiwa kitini.

Utunzaji ndiyo sehemu msiyoipenda, kwa sababu hakuna anayewapigia makofi. Kila tarehe mosi nilikuwa nafanya mzunguko. Nafungua tovuti moja moja kama mgeni. Napiga ile namba ya simu iliyoandikwa, simu halisi, nisikie nani anapokea. Nabonyeza kila kitufe. Nasoma kila tangazo, maana hakuna kinachochekesha kama tangazo la "karibuni msimu mpya wa pamba" lenye misimu mitatu. Halafu nachukua nakala ya kila kitu na kuipeleka kwenye nyumba nyingine. Nakala iliyo ndani ya kompyuta ileile si nakala, ni kujidanganya; radi ilinifundisha hilo kwenye mvua za masika, ikaunguza mashine yangu na nakala zangu zote kwa mpigo mmoja.

Sasa nifike kwa Ngasa Chuma.

Ngasa alikuwa na karakana ya plau na mikokoteni ya ng'ombe upande wa barabara ya kwenda Kasoli. Mtu mrefu, mikono imejaa alama za cheche, mcheshi kupita kiasi. Alikuja kwangu kwa sababu wakulima wa Meatu walikuwa wanampotea; wakifika mjini wanaelekezwa kwa wauzaji wa plau za dukani. Nikamtengenezea ukurasa wa kwanza kama nilivyofundishwa na Deusi, plau juu kabisa, bidhaa zikifuata. Akautazama, akausukuma mbali.

"Karani, wewe umelelewa wapi? Unamwonyesha mtu plau hujamsalimia?"

"Ngasa, hii ni tovuti. Mtu ana haraka."

"Mwenye haraka aende dukani. Kwangu anasalimiwa."

Alitaka salamu kamili: mwangaluka, habari za nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, ndipo plau. Tulivutana siku mbili. Tukakubaliana mstari mmoja juu kabisa, asubuhi usomeke Mwangaluka, kuanzia mchana usomeke Mwadila. Niliona ni upuuzi. Lakini wakulima waliipenda kupita tovuti zangu zote, wengine walikuwa wanaifungua mara mbili kwa siku kuhakikisha kama kweli inajua saa.

Anwani ya tovuti ndiyo ilinifundisha zaidi. Nilipendekeza ndefu, yenye neno karakana na neno mkoa. Akaniuliza ina herufi ngapi. Nikahesabu. Akaenda ndani, akarudi na boksi la herufi za chuma, zile za kugonga kwa nyundo.

"Kila plau inayotoka hapa nitaigonga hiyo anwani kwenye boriti yake. Kila herufi ni nyundo moja. Nipe fupi, bwana, mkono ni wangu."

Tukabaki na ngasachuma na zile herufi chache zinazofuata nukta, basi. Tangu hapo mteja akitaka anwani ndefu namwambia ajifikirie anaigonga kwenye chuma. Na Ngasa aligonga kweli. Kwa miaka kumi na moja, kila plau na kila mkokoteni uliotoka pale uliondoka na anwani ubavuni. Rangi inabanduka, karatasi ya maelekezo watoto wanaichana, ila herufi zile ziko pale mpaka leo. Plau ikivunjika ncha huko Maswa, mwenye nayo anafuta udongo kwa kidole, anasoma, anampa mwanawe mwenye simu, wanampigia Ngasa.

Siku ya kusajili anwani, fomu ilikuwa na sehemu ya jina la mmiliki. Sikumwuliza. Nani Bariadi hamjui Ngasa Chuma? Nikaandika Ngasa Chuma. Barua pepe hakuwa nayo, nikamfungulia. Namba ya simu ya kupokelea ujumbe wa siri wa kufungulia akaunti nikaweka ya kwake. Kila kitu cha ile tovuti, anwani na kurasa zenyewe, kikawa ndani ya akaunti hiyo moja. Nikajipongeza kwa kazi safi. Dakika tano zilitosha.

Mnajua mambo ya majina yetu. Mtu ana jina la kanisani, ana jina aliloitwa na bibi yake alipozaliwa, na ana jina walilompa wenzake kwenye kundi la ngoma za kulima. Analotumia kila siku huwa si lile lililoko kwenye kitambulisho. Najua hilo tangu utotoni, nimezaliwa humohumo. Siku ile halikunijia kichwani.

Ngasa aliugua muda mfupi, akafariki. Nilikwenda kuzika. Mchungaji aliposimama na kusema tumekusanyika kumsindikiza ndugu yetu Daniel Lubinza, nusu ya waombolezaji tuligeukiana. Mzee mmoja nyuma yangu alinong'ona kama tumekosea msiba. Nililia siku ile, nikacheka kidogo pia, na Ngasa angecheka kutushinda. Fomu haikunijia akilini hata kidogo.

Miezi miwili baadaye mjane wake alikuja ofisini. Tulimwita Mama Kija, kwa jina la binti yake mkubwa. Mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na si mtu wa kuomba omba. Nilikuwa namfahamu kwa chai yake. Miaka yote kumi na moja sikuwahi kutoka karakana ile bila kunywa chai.

"Shemeji, simu haziji," akasema hata kabla hajakaa. "Tangu tuanue matanga hajapiga mkulima hata mmoja. Na huu ndio wakati wenyewe wa kuandaa plau."

"Simu yake nani anayo?"

Akanieleza. Siku ya kuanua matanga vitu vya marehemu viligawanywa kama kawaida yetu: shati kwa huyu, baiskeli kwa yule. Simu akapewa kaka mkubwa anayeishi Meatu. Kaka akatoa laini ya marehemu akaitupa, maana hakutaka kupokea simu za watu wanaomuulizia maiti, akaweka ya kwake. Si kwa ubaya. Na kwenye tovuti namba ilikuwa ileile moja. Kwa miezi miwili wakulima walikuwa wanafuta udongo, wanasoma anwani, wanapiga namba iliyotupwa kwenye majani huko Meatu. Na mzunguko wangu wa tarehe mosi? Karakana ya Ngasa niliiruka miezi yote miwili, kwa sababu sikutaka kuipiga ile namba nisimsikie. Nawaambia ukweli mjue.

"Hilo dogo," nikamwambia. "Nabadilisha namba sasa hivi."

"Fanya haraka, shemeji. Shemeji zangu wanasema karakana imekufa na mwenyewe. Wanataka mashine ya kuchomelea na vyombo vyote viuzwe. Nimewaomba wangoje mpaka mvua za kwanza. Kazi zikiwa zimerudi, wananiachia. Zisiporudi, wanakuja na lori."

Nikafungua akaunti. Ikaniambia imetuma ujumbe wa siri kwenye namba ya mmiliki. Nikajaribu barua pepe, nayo ikatuma kwenye namba ileile. Tukaenda kwa watu wa simu kurudisha laini, wakasema laini ya marehemu inahitaji barua ya msimamizi wa mirathi, na mirathi ilikuwa bado haijafunguliwa mahakamani. Nikampigia dada wa ile kampuni ya Dar tuliyonunulia anwani. Kampuni ilikuwa inaacha biashara ya anwani. Kila mteja alitakiwa ahamie kwingine kwa idhini ya mmiliki, na walishaandika barua pepe tatu za kukumbusha, zote kwenye sanduku tusiloweza kulifungua. Zilibaki siku kumi na nane. Anwani ambayo haitahamishwa itaachiwa, yeyote aichukue.

Na ile ilikuwa anwani iliyogongwa kwenye chuma. Huwezi kuzunguka Meatu, Itilima na Maswa ukichonga upya boriti za plau za watu.

"Mmiliki amefariki, dada," nikamwambia. "Nina cheti cha kifo hapa."

Nikamtumia picha ya cheti. Akakisoma.

"Baba, cheti kinasema Daniel Lubinza. Mmiliki kwetu ni Ngasa Chuma."

"Ndiyo huyohuyo."

"Sisi tutajuaje?"

"Dada yangu, Bariadi nzima inajua."

"Baba, mimi niko Dar."

Hakunijibu vibaya. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri kuliko mimi nilivyofanya ya kwangu. Akanieleza anachohitaji: kiapo cha mahakama kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, barua ya serikali ya kata, na karatasi moja ya zamani, iliyoandikwa Ngasa akiwa hai, yenye majina yote mawili. Bila hiyo ya tatu, wakubwa wake hawatakubali, kwa sababu viapo watu wanaapa kila siku.

Niseme na hili, ingawa linanitia aibu. Nilimwambia Mama Kija kuna njia fupi. Tuandike barua kama Ngasa mwenyewe, aseme amepoteza simu, tuweke na saini. Saini yake nilikuwa nayo kwenye faili.

"Mume wangu nimemzika, Karani," akasema. Siku hiyo hakuniita shemeji. "Siwezi kumfufua asaini fomu."

Tukaanza kutembea.

Kiapo tulikipata kwa siku tatu. Barua ya mtendaji wa kata ilichukua tano, kwa sababu mtendaji alikuwa semina, kisha mhuri ukawa semina. Karatasi ya zamani ndiyo ilitutesa. Kadi ya ubatizo: Daniel. Kadi ya kliniki ya watoto, jina la baba: Daniel. Risiti zake mwenyewe za karakana: Ngasa Chuma. Maisha mawili, hayajakutana popote kwenye karatasi. Zikabaki siku sita. Maswa walishapata mvua. Kwetu mawingu yalikuwa yanakuja kila alasiri na kuondoka, na shemeji zake Mama Kija walikuwa wameshampigia kumuuliza kama lori liingilie lango la mbele au la nyuma.

Mama Kija ndiye aliyekumbuka pamba. Ngasa alikuwa na shamba dogo Kasoli, akiuza pamba yake kwenye chama cha msingi kama kila mtu. Tukaenda. Karani wa chama, mzee kama mimi, akatoa madaftari ya misimu ya zamani kutoka kwenye sanduku lenye vumbi la kutosha kupanda mtama. Akalamba kidole, akafunua, akafunua tena. Kisha akaligeuza daftari upande wetu.

Daniel Lubinza, na mbele yake kwenye mabano, kwa kalamu ya bluu: Ngasa Chuma. Msimu baada ya msimu.

"Daniel tulikuwa nao watatu kijijini," akaeleza. "Na mmoja alikuwa anatia mchanga kwenye pamba. Lazima nijue ni Daniel yupi."

Mama Kija aliweka kiganja juu ya lile jina akalia, mara ya kwanza nimwone akilia tangu mazishi. Mimi nilisimama pale nikijitukana. Kwa miaka yangu ya mizani nilikuwa naandika vivyo hivyo kabisa, jina la kadi na jina la mtu, kwa kila mkulima aliyeleta mzigo. Nilijua kufanya kazi hiyo kwa kalamu. Nilipopewa kompyuta nikawa mwerevu, nikaacha kuuliza.

Nikaandika na barua yangu nikikiri kwamba fomu niliijaza mimi bila kuangalia kitambulisho, tukatuma vyote. Jibu lilikuja mchana, ikiwa imebaki siku moja. Wamekubali. Anwani ihamishiwe kwa mjane, ajaze fomu mpya leo hii.

Nikampigia, akaja mbio, kanga begani, unga mikononi. Nikamkalisha pembeni yangu, nikafungua fomu. Jina la mmiliki. Nikaanza kuandika: Mama Ki

"Huyo ni nani?" akauliza.

Vidole vikasimama. Nawaapia, sikujua. Miaka kumi na moja ya chai, siku kumi na saba za kutembea naye maofisini, na katika karatasi zote zile macho yangu yalikuwa yanatafuta jina la mume wake tu. Nilimwangalia kama mwanafunzi aliyeshikwa.

Hakukasirika. Alitoa kitambulisho kwenye pochi, akakiweka mezani, akaivuta kompyuta upande wake. Akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi: Rahel Saguda Nkwimba. Ilichukua muda. Nilinyoosha mkono mara moja kumsaidia, akaniangalia, nikaurudisha. Kisha akaandika namba yake ya simu, akaisoma kwa sauti mara mbili, akabonyeza. Akaunti ikafunguka, nikaiweka namba hiyo kwenye tovuti palepale, chini ya salamu.

Mwisho fomu ikataka pasiwedi mpya.

"Sasa geukia ukutani," akaniambia.

"Shemeji, mimi ndiye fundi wako."

"Ndiyo maana."

Nikageuza kiti changu, nikaukabili ukuta kama mtoto wa darasa la pili. Nikasikia kidole kinagonga, kinatulia, kinagonga. Alikuwa hajamaliza simu yake ikaita. Namba ngeni. Hakuniambia nigeuke, basi sikugeuka. Sauti ya mwanamume, ya kupaza kama watu wa mbali wanavyoongea kwenye simu, ilisema anapiga kutoka Sola, plau yake imekatika ncha, ameona anwani kwenye boriti, amejaribu mwezi mzima. Halafu akauliza kama anaweza kuongea na mwenye karakana.

"Mwadila, baba," Rahel akamjibu. "Unaongea naye."